Injini Ikivuja Oili, Tafuta Mwanzo Wake

Wakati wa mavuno mkulima mmoja wa upande wa Lumakanda alifika ofisini kwetu akiwa na huzuni. Injini yake ndogo ya petroli, inayozungusha mashini ya kupukuchulia mahindi, ilikuwa ikivuja oili kila siku. Alikuwa amekwisha kununua sili mbili, na mara zote mbili fundi alizifunga vizuri, lakini oili ilizidi kutoka palepale. Mahindi yalikuwa yamelundikwa uani na mawingu ya mvua yalikuwa yakikusanyika. Alituuliza kama ingefaa aiuze injini ile kwa bei ya chuma kikuukuu.

Kosa halikuwa katika sili. Kila injini ya namna hii ina tundu la kupumulia, na tundu lake lilikuwa limezibwa na makapi na vumbi. Pistoni ikipanda na kushuka, hewa hujaa ndani ya tumbo la injini. Hewa hiyo ikikosa njia yake ya kutokea husukuma oili ipite popote palipo dhaifu, kama mvuke unavyoinua kifuniko cha sufuria. Tundu liliposafishwa, sili ile ya pili ilishika, na mahindi yakaisha kupukuchuliwa kabla ya mvua.

Basi, ndugu mkulima, ukiona oili chini ya injini yako usikimbilie dukani. Fuata hatua hizi.

Kwanza, zima injini, iache ipoe, kisha ondoa waya ya plagi ili isije ikawaka ukiwa na mkono ndani. Iweke mahali palipo sawa, upime oili kwa kile kijiti chake. Watu wengi huongeza oili bila kupima, wakidhani kuzidisha ni kuitunza injini. La, sivyo! Oili ikizidi alama ya juu hupigwa ikawa povu, nayo hutafuta pa kutokea. Inuse pia. Ikinuka petroli, kabureta inavuja na petroli inashuka ndani. Usiiwashe injini hiyo mpaka kabureta itengenezwe na oili ibadilishwe.

Pili, safisha tundu la kupumulia na kichujio cha hewa.

Tatu, osha injini yote kwa brashi na sabuni, ukiwa umeziba njia ya hewa na bomba la moshi. Ikikauka, ipake vumbi jembamba la chaki au poda ya mtoto. Zifungue zile njia ulizoziba, rudisha waya, iwashe kwa dakika chache, kisha uizime na utazame. Palipolowa juu kabisa ndipo oili inapoanzia. Oili huteremka na kupeperushwa na feni, kwa hiyo mahali inapodondokea mara nyingi sipo inapotokea.

Nne, tengeneza mahali hapo tu. Ikitoka kwenye bolti ya kumwagia oili, badilisha washa yake. Ikitoka kwenye kifuniko, kaza bolti zake kidogo kidogo, ukivuka kutoka upande huu hadi upande wa pili. Usizikaze kwa nguvu zako zote, kwa maana injini nyingi ndogo ni za aluminiamu na meno ya bolti huharibika upesi. Ikiwa gasketi imekatika, weka mpya moja tu. Ile ya zamani ikwangue kwa kijiti cha mti, si kwa bisibisi, kwani mkwaruzo mmoja ni njia mpya ya oili.

Kama ni sili ya shafti, kwanza tazama kama kamba au majani yamejisokota hapo, maana hayo huila sili. Sili mpya ipakwe oili mdomoni, na mdomo huo utazame ndani ya injini. Lakini ikiwa umefanya hayo yote na injini bado inavuja na kutoa moshi wa buluu, huenda ringi za pistoni zimelika. Hiyo ni kazi ya fundi.

Pengine utasema tone moja si kitu. Fikiri tena. Injini nyingi za ukubwa huu hubeba oili isiyozidi lita moja, kwa hiyo tone baada ya tone huikausha katika kazi ya siku chache, na injini iliyokauka hukwama isigeuke tena. Tena makapi hunata penye oili, hufunika mapezi ya kupozea, na yakigusa bomba la moshi huweza kuwaka moto karibu na mahindi yako yote. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwisho, oili chafu usiimwage shambani wala mtoni. Mto Kipkaren huingia Nzoia, na Nzoia huingia Ziwa Viktoria, na maji hayo hunywewa na watu na ng'ombe njiani kote. Iweke katika debe lenye kifuniko uipeleke gereji.

Pima oili kila asubuhi kabla ya kuvuta kamba ya kuwashia. Kazi hiyo ni ya dakika moja, nayo haina gharama.