Ua Zuri Lenye Sumu

Mvua zilipokoma, nyuma ya jiko letu uliota mmea ambao hatukuupanda. Maua yake meupe, mfano wa tarumbeta, yalifunguka jioni, nasi tukauacha kwa uzuri wake. Siku moja tukamkuta mtoto akichezea tunda lake. Tunamshukuru Mungu, hakuwa amelitia mdomoni.

Ndipo tulipouchunguza: majani mapana yenye kingo zilizochongoka, harufu mbaya ukiyasugua, na tunda la kijani lenye miiba, limejaa mbegu ndogo. Ulikuwa mnanaha! Kila sehemu yake ina sumu. Mwezi wa Machi 2019, huko Karamoja, Uganda, watu watano walifariki na mamia wakaugua baada ya kula unga wa lishe ulioingiwa na sumu ya aina hiyo.

Dalili zake ni kinywa kukauka, mboni za macho kutanuka, moyo kwenda mbio na kuweweseka. Mtoto akila, usimtapishe. Mkimbize hospitali pamoja na tawi la mmea huo.

Sisi tuliung'oa kabla matunda hayajapasuka, tukanawa mikono kwa sabuni. Bwana ametukabidhi watoto. Basi tuyajue na maua wanayochezea.