Kamera ya Gikomba na Kamera ya Simu

Kabla jua halijachomoza juu ya mabati ya soko la Gikomba, Nairobi, kamba za robota la mitumba hukatwa, na nguo zilizobanwa huvimba kama unga uliotiwa hamira. Wanunuzi wamekwisha kulizunguka. Ukosi unageuzwa, kwapa linachunguzwa, zipu inavutwa, kitambaa kinasuguliwa kati ya vidole viwili. Sekunde chache, na nguo imepata daraja lake. Zile safi kabisa, zinazochaguliwa mwanzo, sokoni huitwa "kamera". Zinazobaki chini, zenye madoa na matundu, ni "fagia".

Mtaalamu wa kompyuta akisimama hapo ataitambua kazi hii mara moja: ni kuvitazama vitu na kuvigawa katika makundi. Mashine zilipiga hatua kubwa katika kazi hiyo mwaka 2012, wakati mtandao wa neva uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Toronto ulipowaacha mbali wapinzani wake kwenye shindano la kutambua picha. Kila picha iliruhusiwa majibu matano. Mtandao huo ulikosea asilimia 15.3 ya picha. Aliyefuata alikosea asilimia 26.2. Je, kamera ya simu inaweza kuitambua "kamera" ya Gikomba?

Kwa kompyuta, picha ni jedwali la namba. Kila nukta ina kiasi chake cha mwanga, na katika picha isiyo na rangi kiasi hicho kwa kawaida huandikwa kuanzia 0, yaani giza totoro, hadi 255, weupe mtupu. Mtandao hupitisha kidirisha kidogo juu ya jedwali hilo, ukitafuta mahali namba zinapobadilika ghafla: ukingo wa mkono wa shati, mstari wa mshono, duara la kifungo. Tabaka linalofuata huunganisha kingo kuwa maumbo, na maumbo kuwa nguo. Hakuna anayeuandikia kanuni kwamba shati lina ukosi. Huonyeshwa maelfu ya picha zenye majibu, na kila ukikosea hesabu zake hurekebishwa kidogo.

Nguo zimekuwa uwanja wa mazoezi wa kazi hii. Mwaka 2017 watafiti wa Zalando, kampuni ya Berlin inayouza mavazi mtandaoni, walitoa Fashion-MNIST: picha 70,000 zisizo na rangi, kila moja nukta 28 kwa 28, katika makundi 10 kama suruali, gauni, koti na mkoba. Wanafunzi wengi wa fani hii huanzia hapo. Hata katika picha hizo nadhifu, shati huchanganywa mara kwa mara na fulana au koti.

Tatizo ni unadhifu wenyewe. Nguo za Zalando zilipigwa picha studioni, mpya, zimenyooshwa, bila kitu nyuma yake. Gikomba nguo imekunjamana, imelaliwa na nyingine kumi, na kivuli cha turubai kimeikata katikati. Mashine iliyolelewa na picha za studio huenda ikakiona kivuli hicho kuwa doa. Isitoshe, makundi yale 10 huuliza nguo hii ni ya aina gani, wakati mnunuzi wa Gikomba anauliza itauzika kwa bei gani.

Madhara ya kufunza mashine kwa picha za upande mmoja yamepimwa. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru, huyu wa pili mzaliwa wa Ethiopia, walijaribu mifumo mitatu ya kibiashara iliyotambua jinsia kwa kutazama uso. Kwa wanaume weupe, kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, lilifika hadi asilimia 34.7.

Kisha kuna yale ambayo picha haina. Pamba na poliesta zinaweza kufanana kabisa kwenye picha, ilhali vidole vya mchuuzi hazividanganyi. Huko Malmö, Sweden, kiwanda cha Siptex kilichofunguliwa 2020 kilibuniwa kulikwepa tatizo hili kwa mwanga wa infraredi, kwa kuwa kila aina ya uzi huurudisha kwa namna yake. Uwezo wake ulipangwa kuwa tani 24,000 za nguo kwa mwaka. Lakini kiwanda hicho kilijengwa kupanga matambara ya kuchakatwa upya. Hakikujengwa kuuliza kama gauni bado linapendeza.

Kwa hiyo, anayetaka kuisaidia Gikomba aanze na majibu, mashine ije baadaye. Nairobi ina uzoefu wa kuandaa majibu ya aina hiyo: kampuni ya Sama, iliyoanza 2008 kwa jina la Samasource, imewaajiri vijana wa mji huu kuchora mipaka ya magari na watu katika picha ili kompyuta za ng'ambo zijifunze kuona. Nacho Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kimeonyesha njia kwa mihogo. Maabara yake ya akili unde ilikusanya picha zilizopigwa na wakulima mashambani mwao, wataalamu wakaandika ugonjwa uliomo, na mwaka 2020 picha 21,367 zikawekwa wazi kwa shindano la kimataifa. Makundi yalikuwa matano: magonjwa manne, na jani lenye afya.

Vivyo hivyo yanaweza kufanywa kwa robota. Picha mbili kwa kila nguo, mbele na nyuma, chini ya mwanga uleule wa sokoni. Daraja liandikwe na mchuuzi mwenyewe, kisha bei ambayo nguo iliuzwa. Mtandao uliokwisha kufunzwa kwa picha za kawaida hauhitaji kuanza upya. Maelfu machache ya picha hizo yangetosha kwa jaribio la kwanza. Vyuo vikuu vya katikati ya jiji haviko mbali na soko hili. Wanafunzi watakaokwenda wafike alfajiri, kamba zikikatwa, na wamlipe mchuuzi kwa kila daraja atakaloandika.