Ugumu wa Neno "Hard" kwa Mchina Ajifunzaye Kiingereza

Tuseme kijana wa Kichina anaandika barua ya kuomba kazi kwa Kiingereza. Ataka kumweleza mwajiri kwamba kwa muda wa miaka mitano alifanya kazi kwa bidii. Ajua kuwa bidii huelezwa kwa neno "hard". Tena alifundishwa shuleni kwamba kivumishi cha Kiingereza kikitiwa "-ly" mwishoni hugeuka kuwa kielezi. Kwa hiyo anaandika "I hardly worked", naye ameridhika kuwa amefuata kanuni. Mwajiri aisomapo barua hiyo huelewa kwamba mwombaji alikaa miaka mitano karibu bila ya kufanya kazi yo yote.

Kosa hili halitokani na uzembe. Zamani "hardly" lilikuwa na maana ya kufanya jambo kwa nguvu au kwa shida, lakini kadiri karne zilivyopita maana hiyo ilififia, ikabaki ile ya "karibu sivyo". Kielezi cha bidii kikabaki "hard" tupu, bila ya kiambishi, nacho huwekwa baada ya kitenzi. Katika Kichina neno la bidii, "nǔlì", kwa kawaida hutangulia kitenzi. Zaidi ya hayo, Mchina asemapo "karibu sivyo" husema "jīhū bù", na hilo "bù" ni ukanushi ulio wazi, usioweza kumpita msikilizaji. Ukanushi wa "hardly" umefichwa tumboni mwa neno. Fundi aliyeelezwa kwa maandishi kwamba koki fulani "hardly opens", akadhani imeambiwa hufunguka kwa nguvu, aweza kuikaza mkono mpaka ikavunjika.

Shina la tatizo ni kwamba Kichina hugawa kazi ya "hard" kati ya maneno mengi. Ugumu wa jiwe ni "yìng". Ugumu wa hesabu ni "nán". Mchina hawezi kuyabadilisha maneno hayo mawili, kama vile sisi tusivyoweza kusema kwamba hesabu ni kavu tukikusudia kwamba haifanyiki. Kiswahili, kwa bahati, kimefuata njia ile ile ya Kiingereza: mti mgumu, swali gumu, moyo mgumu. Kwa sababu hiyo msomaji wa Kiswahili huenda asione shida iko wapi.

Lakini hata Mchina aliyekwisha kujua kwamba "nán" ni "hard" hajaokoka. Katika lugha yake mtu husema "wǒ hěn nán" na kuendelea na kitenzi, yaani yeye apata shida kutenda jambo hilo. Akiihamisha sentensi hiyo neno kwa neno, hutamka "I am hard to learn English". Kwa kanuni za Kiingereza, mtu aliye "hard to teach" ni yule ambaye wengine hushindwa kumfundisha. Ugumu uko kwake, na shida iko kwao. Kumbe kijana alitaka tu kusema kwamba Kiingereza chamshinda!

Jambo hili si dogo nchini China. Mtihani wa kitaifa wa kuingia vyuo vikuu ulirudishwa mwaka 1977, na leo lugha ya kigeni ni mojawapo ya masomo yake makuu matatu, pamoja na Kichina na hisabati. Katika majimbo mengi somo hilo lina alama 150 kati ya 750, na watahiniwa walio wengi huchagua Kiingereza. Tofauti ya "hard" na "hardly" ni mtego ambao walimu huwaonya wanafunzi wao mara kwa mara.

Katika sayansi, ajabu ni kwamba njia ni nyepesi zaidi. Maji yenye chumvichumvi nyingi za kalsiamu na magnesiamu, yasiyotoa povu la sabuni kwa urahisi, Waingereza huyaita magumu. Nasi twayaita magumu. Na Wachina huyaita "yìngshuǐ", maji magumu vile vile. Mkazi wa Beijing, ambako maji ni ya namna hiyo, huona ukoko mweupe ndani ya birika lake. Kipimo cha ugumu wa madini alichokibuni Friedrich Mohs mwaka 1812, kianziacho kwa talki na kuishia kwa almasi, nacho hutumia neno "yìng". Istilahi zilihamishwa kwa makusudi, zikatulia. Maneno ya nyumbani na ya sokoni hayakuwa na mtu wa kuyapanga.

Pombe ambayo Mwingereza huiita "hard", Mchina huiita "lièjiǔ", pombe kali, kama tuiitavyo sisi. Majira ya baridi yaliyo "hard" kwake ni "yándōng", na neno "yán" ndilo hilo hilo asemalo juu ya mwalimu mkali. Hapo Kiswahili kimemwacha Mwingereza na kusimama na Mchina. Na mzee ambaye Mwingereza humwita "hard of hearing" Wachina husema ana "zhòngtīng", yaani usikivu mzito. Mtu wa pwani angesema masikio yake ni mazito, wala asingehitaji mkalimani.