Tuhesabu Akiba Kabla ya Ukame

Leo tunauliza: mvua ikikosa, kaunti yaweza kusimama siku ngapi kabla msaada haujafika?

Tutwae mfano wa Kitui. Hesabu ya mwaka 2019 ilipata humo watu 1,136,187. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, na ile ya Oktoba hadi Desemba ndiyo inayotegemewa zaidi na wakulima. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ilifuatana pasipo mvua ya kutosha. Msaada ulitolewa, lakini lori halifiki kila mlango kwa siku moja. Mzee na mtoto mchanga ndio huumia kwanza.

Basi yatupasa kupima mambo matatu.

La kwanza ni chakula. Mtu akila nusu kilo ya nafaka kwa siku, nyumba ya watu sita hula kilo 3. Gunia la kilo 90 litawatosha siku 30 tu. Kabla ya kuuza mavuno, tuhesabu miezi iliyo mbele. Mtama, mbaazi na ndengu huvumilia ukame kuliko mahindi, na gunia lisilopitisha hewa huzuia wadudu bila dawa.

La pili ni maji. Watu wa Kitui wamejenga kuta katika mito ya msimu. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani yake ambamo jua haliyakaushi upesi. Tena, paa la kanisa lenye mita za mraba 200 hupokea lita 10,000 mvua ya milimita 50 inyeshapo. Je, paa letu lina mifereji na tangi?

La tatu ni watu. Wakamba wana mwethya, ndiyo kazi ya pamoja ya majirani. Wanaochimba pamoja wanajua pia ni nani akaaye peke yake, na ni nani hawezi kuyafuata maji. Majina hayo yaandikwe sasa, si siku ya njaa.

Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hutoa taarifa ya kila kaunti yenye ukame kila mwezi. Na isomwe pamoja na matangazo ya kanisa.

Kujitegemea si kukataa msaada. Misimu mitano mibaya huweza kumaliza ghala ya nyumba yoyote. Lakini akiba hutupa nafasi ya kuomba mapema, kabla ya kuuza mbuzi wa mwisho.

Yusufu kule Misri hakungoja njaa ndipo ajenge ghala. Alitenga sehemu ya tano wakati wa shibe. Wiki hii kila nyumba na ihesabu magunia yake, na kila kanisa lihesabu wanyonge wake. Bwana atupe hekima na mikono ya kutenda. Amina.