Ukumbi Mmoja, Shughuli Tatu: Jinsi Shule za Sheria Zinavyogawa Vyumba na Saa

Mwaka huu wahariri wameniomba niandike jambo litakalowafaa wanafunzi wetu wa Mandewa wanaotaraji kwenda kusoma sheria, na pia wazazi ambao kila mwisho wa wiki hugombania banda letu moja: huku darsa, huku kikao cha wazazi, na huku kuna posa imekuja bila taarifa. Nimechagua kueleza namna shule za sheria zinavyopanga vyumba na shughuli zake. Huenda mtu akasema hilo ni jambo la makarani tu. Nami nilidhani hivyo mpaka likanifika.

Nilipokuwa mwaka wa tatu, chuoni nilikosoma (sikitaji jina), sisi wanafunzi wa sheria tuliandaa siku ya msaada wa kisheria. Watu wa mitaani walialikwa waje na matatizo yao ya ardhi, ndoa na mirathi, wasikilizwe bila malipo chini ya usimamizi wa walimu. Kazi ya kuomba ukumbi nilipewa mimi. Nikajaza fomu: Jumamosi, 8:00. Nilikusudia saa nane mchana, kwani ndivyo tulivyowatangazia watu. Karani akasoma kama maandishi ya ofisini yanavyosomwa, akaandika katika daftari saa mbili asubuhi hadi saa sita. Ukumbi ukafunguliwa asubuhi, ukakaa mtupu. Saa nane wageni wetu walipofika walikuta mlangoni tangazo la mtihani wa marudio, na ndani wanafunzi wameinamia karatasi zao.

Tukatafuta darasa lingine, likapatikana baada ya saa moja na nusu. Baadhi ya watu walisubiri chini ya mwembe, wengine wakaondoka. Miongoni mwa walioondoka alikuwa bibi mmoja aliyetoka nje ya mji, naye aliogopa kukosa gari la kurudi. Alikuwa na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo kuhusu mirathi ya marehemu mumewe, na hakuridhika nao. Sasa sikiliza: rufaa ya kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya hukatwa ndani ya siku 30. Yeye alikuwa amebakiwa na siku nne. Aliporudi kwetu baada ya wiki mbili, muda ulikuwa umepita.

Sheria haimfungii mtu mlango moja kwa moja. Mahakama ya Wilaya inaweza kuongeza muda ikiwa kuna sababu ya kutosha, lakini lazima iombwe, na sababu ielezwe. Mwalimu aliyetusimamia akaniambia, "Sababu itaandikwa kama ilivyokuwa, na aliyekosea ndiye ataapa." Nikaandika hati ya kiapo nikieleza kwamba niliandika nane badala ya kumi na nne. Bibi yule akanitazama akasema, "Mwanangu, yote haya kwa ajili ya saa?" Maombi yake yalikubaliwa, alhamdulillah, lakini alikwisha kulipa nauli mara tatu, na ile nyumba iliendelea kukaliwa na wengine miezi yote hiyo.

Ama kuhusu asili ya jambo hili hapa kwetu, ni vizuri mwanafunzi ajue kwamba elimu ya sheria Tanzania ilianza katika vyumba vya kuazima. Kabla ya mwaka 1961 kijana wa Afrika Mashariki aliyetaka kuwa wakili alikwenda ng'ambo, hasa London, katika zile nyumba za mawakili ziitwazo Inns of Court. Huko, ajabu yake ni kwamba mwanafunzi hakuhesabiwa kuwa amemaliza kwa kufaulu mitihani pekee. Ilimpasa pia ahudhurie chakula cha jioni katika ukumbi wa nyumba yake kwa idadi maalumu ya mara. Mtu angeweza kufaulu kila somo kisha akacheleweshwa na sahani! Basi tarehe za ukumbi zilikuwa sehemu ya masomo yenyewe.

Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha sheria, na wanafunzi wake hawakuzidi 15. Hakikuwa na jengo lake. Kilisomeshea katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, hadi mwaka 1964 kilipohamia Mlimani. Mwaka 1970 ndipo kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tunachokijua. Kitivo hicho ndicho kilichoanzisha Kamati ya Msaada wa Kisheria, ambayo imekuwa mfano kwa wanafunzi wengi wa sheria, na sisi tulikuwa tukiigiza hiyo siku ile niliyoieleza.

Jambo kama hilo likatokea tena baadaye. Bunge lilipitisha mwaka 2007 sheria ya kuanzisha Law School of Tanzania, ambayo ni taasisi ya mafunzo ya uanasheria kwa vitendo anayopitia mhitimu wa shahada kabla ya kuapishwa kuwa wakili. Ilipoanza kufundisha mwaka 2008 ilianzia katika majengo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndipo baadaye ikapata majengo yake barabara ya Sam Nujoma. Kwa hiyo, enyi wazazi mnaosema kwamba ratiba itawekwa tutakapojenga ukumbi wetu wa pili, mnaona kuwa aliyeazima ndiye mwenye haja zaidi ya ratiba.

Sasa tuingie katika utaratibu wenyewe. Katika shule ya sheria chumba huombwa na watu wa namna nyingi. Kuna vipindi vya kila wiki, kuna mitihani, kuna mahakama ya mazoezi ambamo wanafunzi husimama mmoja upande wa mdai na mwingine upande wa mdaiwa mbele ya mwalimu aliyekaa kama jaji. Kuna mihadhara ya wageni, vikao vya vyama vya wanafunzi, na Wiki ya Sheria inayofanyika nchini kila mwaka kuelekea Siku ya Sheria mwanzoni mwa Februari, ambapo mahakama hufungua mwaka wake wa kazi. Wote hawawezi kuwa sawa. Kwa kawaida mtihani humshinda kila mmoja, kisha vipindi vya masomo, kisha mahakama ya mazoezi, na mwisho hizo shughuli nyingine. Wale walio katika daraja moja ndio hutazamwa nani ametangulia kuomba. Watu wengi hukosea hapa. Hudhani kutangulia kunatosha. Aliyetangulia kuombea sherehe hawezi kuwatoa watahiniwa.

Maombi hufanywa kwa maandishi, iwe kwa barua au fomu au siku hizi kwa kompyuta, na hupelekwa kwa afisa mmoja anayetunza daftari la kumbi. Sisitizo langu ni neno hilo "mmoja". Penye madaftari mawili pana kumbi mbili katika karatasi, na ukumbi mmoja katika ardhi. Mwombaji hueleza shughuli ni nini, nani anaisimamia, watu wangapi watakuja, siku, saa ya kuanza na ya kumaliza, na vitu vinavyohitajika kama viti na kipaza sauti. Idadi ya watu si udadisi wa ofisi. Mahakama ya mazoezi ina watu sita na wasikilizaji wachache, na kuipa ukumbi wa watu 300 ni kuwanyima wengine. Halafu kuna ule muda wa kati ambao wengi huusahau, wa kupanga viti, kufagia, na watu wa kwanza kutoka. Shughuli ya pili ikiandikwa saa ileile inayoishia ya kwanza, hapo mlangoni patakuwa na msukumano hata kama daftari ni safi.

Nimekwisha kueleza balaa la saa, lakini nataka nilifafanue kwa sababu litawapata nanyi. Sisi Waswahili huhesabu saa kuanzia kuchomoza na kuchwa kwa jua, na maofisi huandika kuanzia usiku wa manane. Tofauti ni saa sita. Saa 8 mchana ni 14:00, na saa 2 asubuhi ni 8:00. Dawa yake ni kuandika neno pamoja na tarakimu: "saa nane mchana (14:00)". Hata ukionekana mshamba, andika hivyo.

Lipo na jingine ambalo Waislamu hasa hujikwaa. Katika hesabu yetu siku huingia kwa kuzama jua. Mzee akisema "darsa ni usiku wa Ijumaa," kwake ni Alhamisi baada ya Magharibi, bali kijana wa chuo ataandika Ijumaa jioni. Nimeshuhudia shekhe akikaa peke yake na kitabu chake msikitini, na wanafunzi wakaja kesho yake na vikombe vya kahawa. Andikeni "usiku wa kuamkia Ijumaa" na mtaje tarehe.

Ama Ijumaa yenyewe mchana, Muislamu anayesoma sheria asingoje mpaka apangiwe mahakama ya mazoezi saa saba ndipo alalamike. Ratiba hutolewa kwanza kama rasimu, watu waseme, na siku hizo chache za rasimu ndizo za kusema kwa adabu na kwa maandishi. Tena ajue hesabu za mji alipo. Dar es Salaam iko mashariki ya Singida kwa takriban nyuzi nne na nusu, na kila uzi mmoja jua huutumia dakika nne. Hivyo Adhuhuri ya hapa Singida huingia kama dakika 18 baada ya Dar es Salaam. Kwetu huingia kati ya saa 6:25 na saa 6:55 mchana kutegemea msimu, mapema zaidi mwanzoni mwa Novemba na kuchelewa zaidi katika Februari. Kijana aliyezoea kipindi cha Mandewa kinachokwisha saa 6:30, akifika Dar es Salaam mwezi wa Novemba atakuta wenzake wamekwisha kuadhiniwa.

Idd nayo haikai mahali pamoja. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo sikukuu husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kawaida, na siku yenyewe hungoja mwezi uandame. Mwenye kupanga shughuli miezi sita mbele aziache wazi siku mbili, asiweke mgeni wa kutoka mbali katika siku inayoweza kuwa Idd.

Je, kwa nini walimu wa sheria huwa wakali hivyo juu ya tarehe? Kwa sababu mahakamani tarehe ina makali. Katika shauri la madai, mdai asipofika siku iliyopangwa na mdaiwa akawapo, shauri linaweza kufutwa. Mdaiwa aliyeitwa ipasavyo asipofika, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja. Wakili aliyezoea kuchelewa mahakama ya mazoezi atamchelewesha mtu mwenye shamba lake na watoto wake.

Liko swali moja wanafunzi waliniuliza: aliyepewa ukumbi kisha asitokee, haki yake hubaki? Katika Sahih Muslim imo hadithi ya Mtume (s.a.w.) ambayo maana yake ni kwamba mtu akiinuka mahali alipoketi kisha akarudi, yeye ana haki zaidi ya mahali hapo. Mwenye nafasi basi ana haki, wala asipokonywe kwa kuwa ametoka kidogo. Lakini huyo ni aliyekuwa anarudi. Shule nyingi huweka muda wa kungoja, mathalani nusu saa, kisha ukumbi hupewa mwingine anayeuhitaji. Na anayejua mapema kwamba hatakuja, apeleke taarifa jina lake likatwe. Kwangu mimi kuushikilia ukumbi usioutumia ni kibaya kuliko kusahau kuuomba, maana aliyesahau amejidhuru mwenyewe.

Kwa banda letu hapa Mandewa, tumekubaliana kwenye kikao na wazazi tuanze na daftari moja la kurasa pana, litakalokaa kwa ustadh anayeshika ufunguo. Lina safu za tarehe ya Hijria na ya kawaida, saa kwa maneno na kwa tarakimu, shughuli, msimamizi, idadi ya watu na sahihi. Masomo ya watoto ya asubuhi na jioni yamekwisha kuandikwa kwa wino kwa mwaka mzima. Posa na vikao vitaandikwa kwa penseli mpaka msimamizi athibitishe siku tatu kabla. Penseli imefungwa kwa uzi kwenye daftari, kwani mbili za kwanza zilipotea katika wiki moja.