Je, Wajua? Si Kila Kipele cha Sehemu za Siri ni Ugonjwa

Simba dume wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi ana miiba kwenye uume wake. Ni miiba midogo iliyoelekea nyuma, imeundwa kwa protini ileile inayounda kucha zake. Inadhaniwa kwamba humsaidia kuuchochea mwili wa simba jike uachie yai wakati wa kujamiiana. Ukielekea kaskazini-magharibi hadi msitu wa Ntakata, wilayani Tanganyika, utawakuta sokwemtu. Nao wanayo miiba ya aina hiyo, ila ni midogo zaidi. Binadamu hana. Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzao walieleza katika jarida la Nature kwamba binadamu amepoteza kipande cha DNA kilicho jirani na jeni ya kipokezi cha homoni za kiume, na kwamba kipande hicho ndicho kinachohusika na kuota kwa miiba hiyo. Sokwemtu bado wanacho.

Pamoja na hayo, wanaume wengi wana kitu kinachowashtua siku wanapokiona. Kwenye ukingo wa kichwa cha uume hujipanga vipele vidogo, laini, vyenye urefu wa milimita 1 hadi 4. Huwa mstari mmoja, miwili au zaidi, na vyote hufanana. Wakati mwingine huzunguka kichwa chote. Rangi yake ni ya ngozi yenyewe au nyeupe kidogo yenye kung'aa, na kwa mng'ao huo madaktari wakaviita vipele vya lulu. Haviumi, haviwashi, havitoi usaha. Wapo wanasayansi wanaoviona kuwa mabaki ya mbali ya miiba ya wanyama, na wapo wasiokubali kwa sababu vipele hivi haviundwi kwa ile protini ngumu. Ndani yake mna nyama laini na mishipa midogo ya damu. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba si ugonjwa. Haviambukizi, havigeuki saratani, havipunguzi nguvu za kiume wala uwezo wa kuzalisha.

Tena si vya wachache. Tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali zimevikuta kwa wanaume 14 hadi 48 katika kila 100. Hujitokeza wakati wa balehe au ujana, kisha kwa wengi hufifia kadiri umri unavyosogea. Mchimbaji wa dhahabu wa Dirifu, mvuvi wa Karema, mrina asali wa Inyonga na mkulima wa mpunga wa Mpimbwe, kila mmoja anaweza kuwa navyo, na kila mmoja anaweza kudhani yuko peke yake, maana si jambo linalozungumzwa kijiweni.

Hapa Katavi jambo hili lina uzito wa pekee. Jamii nyingi za mkoa huu hazikuwa na desturi ya tohara. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS walipendekeza tohara ya kitabibu, baada ya majaribio ya Afrika Kusini, Kisumu na Rakai kuonyesha kwamba inapunguza kwa takriban asilimia 60 hatari ya mwanaume kuambukizwa VVU na mwanamke. Tanzania ikaipeleka huduma hiyo katika mikoa ambayo tohara ilikuwa ya wachache, na wanaume wengi wakatahiriwa wakiwa vijana au watu wazima. Tafiti zinaonyesha vipele vya lulu huonekana zaidi kwa wasiotahiriwa, lakini waliotahiriwa nao huwa navyo. Mwanaume aliyezoea ngozi ya mbele kufunika kichwa cha uume, siku jeraha likipona, huenda akauona ukingo ule vizuri kwa mara ya kwanza. Ni rahisi kuamini kwamba ameambukizwa kitu, au kwamba tohara imeharibika, wakati vipele vilikuwapo tangu balehe.

Wako ndugu wengine wa vipele hivi. Mwaka 1896 daktari wa ngozi wa Marekani, John Addison Fordyce, alieleza juu ya vidoa vidogo vyeupe au vya manjano kwenye midomo na ndani ya mashavu. Vidoa hivyo huonekana pia kwenye shina la uume na kwenye korodani, hasa ngozi inapovutika. Ni tezi za mafuta. Kwa kawaida tezi hizo huambatana na tundu la nywele. Hizi zimefunguka moja kwa moja kwenye ngozi. Watu wazima walio wengi wanazo mahali fulani mwilini. Mwaka huohuo Fordyce alieleza pia juu ya vitone vyekundu, vya zambarau au vyeusi kwenye ngozi ya korodani. Hivyo ni vimishipa vya damu vilivyotanuka, na huongezeka kwa wanaume wenye umri mkubwa. Havina madhara, ingawa ukivikwaruza vinaweza kutoka damu.

Chini ya kichwa cha uume, kushoto na kulia kwa ule mkunjo mwembamba wa ngozi, wanaume wengine wana vinundu viwili vinavyolingana. Huitwa tezi za Tyson, kwa jina la Edward Tyson wa London, tabibu ambaye mwaka 1699 alichapisha kitabu juu ya mwili wa sokwemtu aliyempasua. Navyo ni vya kawaida.

Basi mtu atatofautishaje? Kipele cha maumbile kina mpangilio, hufanana na wenzake, na hukaa mwezi hadi mwezi bila kubadilika. Ugonjwa hubadilika. Masundosundo, yanayoletwa na kirusi cha HPV, hasa aina ya 6 na ya 11, huota bila mpangilio, huongezeka, na yakikua hufanana na ua la koliflawa. Malengelenge huja kwa kundi, hujaa maji, hupasuka na kuuma. Kidonda cha kaswende mara nyingi hakiumi, na hilo lisikudanganye. Usaha unaotoka kwenye njia ya mkojo unaweza kuwa kisonono. Vipele vinavyowasha sana usiku, hasa kama watu wa nyumbani nao wanajikuna, vyaweza kuwa upele. Ukiona kidonda, usaha, maumivu, au kitu kipya kinachokua, nenda kituo cha afya bila kusubiri, na mwenzi wako aende pia.

Hatari kubwa ya vipele vya lulu huanzia kwenye tiba ya kujitungia. Ukivikata kwa wembe, ukivifunga uzi, ukivipaka maji ya betri au dawa ya kuchomea masundosundo, umejitengenezea kidonda mahali palipokuwa pazima. Kidonda cha sehemu za siri huongeza hatari ya kupata VVU. Vidonge vya antibayotiki unavyonunua kwa kubahatisha havitaviondoa, kwa sababu hakuna mdudu wa kuua. Vitachangia usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na kesho kisonono cha kweli kitakuwa kigumu kutibika. Kwingineko duniani wapo wanaoviondoa kwa leza ili kubadili mwonekano tu. Kiafya hakuna sababu ya kufanya hivyo.

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ipo Mpanda, na zahanati na vituo vya afya viko karibu zaidi na vijiji. Kwa kawaida mhudumu mwenye ujuzi huvitambua kwa macho, bila kupima damu wala kukata nyama. Tangu miaka ya 1990, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha maafisa tabibu kutambua magonjwa ya ngozi na ya zinaa, kwa hiyo ujuzi huu haukai kwa madaktari bingwa peke yao. Usione haya kumwambia mhudumu, "Naomba uangalie hapa." Ameona wengi kabla yako.

Zipo pia ndoa zinazoumia kwa jambo hili. Mke akiona vipele anaweza kudhani mumewe ametoka nje. Mume naye, kwa kutojua, anashindwa kujitetea. Vipele vya lulu havipatikani kwa kujamiiana, kwa hiyo haviwezi kuwa ushahidi wa uzinzi. Waende kituoni pamoja, waelezwe pamoja. Na baba mwenye kijana anayeingia balehe amweleze haya mapema, pamoja na mabadiliko ya sauti na ndevu, ili kijana asije akajifungia chooni na wembe kwa kuogopa mwili wake mwenyewe.