Sushi Haihitaji Digrii

Kama wewe ni wa Nakuru na menyu ya sushi inakutisha, relax, hata mimi nilitetemeka. Niliacha chuo, nikaweka akiba miezi mitatu, nikapanda matatu hadi Nairobi nikaonje. Mezani vile vijiti vikanishinda. Mpishi akaniambia: tumia mkono.

Hakuwa ananihurumia. Nigiri, ile ya kipande cha samaki juu ya tonge la wali, ilivuma vibandani Edo, Tokyo ya leo, miaka ya 1820. Watu walikula wamesimama, kama sisi na smokie pasua pale steji.

Kwa hivyo nawa mikono, chovya upande wa samaki kwenye sosi ya soya, si wali, utamomonyoka. Tia mdomoni yote mara moja. Ile kijani ni wasabi, si avokado: onja kidogo tu!

Lakini ukirudi, usijaribu na tilapia mbichi wa Naivasha. Samaki wa ziwani anaweza kuwa na minyoo. Wapishi wa sushi hutumia zaidi wa baharini, mara nyingi aliyegandishwa kwanza. Wetu mkaange. Aibu ya vijiti huisha siku hiyo hiyo, minyoo utaenda nayo hospitali.